Kwa Nini Pensheni ya Jirani Si Kama Yetu

Hotuba iliyotolewa mjini Tanga mbele ya wastaafu, walimu na viongozi wa wafanyakazi, na kuandikwa upya kwa ajili ya wasomaji

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Ndugu wafanyakazi wenzangu, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie namna sera za pensheni zinavyokua katika nchi mbalimbali, na mwenyeji wangu amenionya kwamba wasikilizaji wa Tanga hawana subira na takwimu zisizo na mwenyewe. Nitajitahidi. Hoja yangu ni moja, nami naisema mapema ili mnipime kwayo: nchi haiketi mezani ikalinganisha mifumo yote ya dunia na kuchagua ulio bora, bali hurithi uamuzi wa zamani kuhusu nani ahesabiwe kuwa mfanyakazi, na kila mageuzi yanayofuata huwa ni mapatano na wale waliopewa haki na uamuzi huo, ilhali waliobaki nje hawaalikwi hata kwenye kikao. Anayetaka kulinganisha nchi na nchi, basi, aulize kwanza mlango wa kuingilia ulikuwa wapi na ulimfungia nani, ndipo aje kwenye asilimia.

Tuanze na mwaka 1889, kwa sababu mwaka huo unatuhusu sisi watu wa pwani hii kuliko inavyosemwa. Mwezi Juni, mjini Berlin, serikali ya Kansela Otto von Bismarck ilipitisha sheria ya bima ya uzee na ulemavu kwa wafanyakazi wa taifa zima. Miezi hiyohiyo majeshi ya Hermann von Wissmann yalikuwa yakipigana katika pwani yetu, na kabla mwaka haujaisha, mwezi Desemba, Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani, alinyongwa pale Pangani. Dola ni moja na mwaka ni mmoja. Sheria ile ilipoanza kutumika mwaka 1891, mfanyakazi wa Ujerumani alipewa kadi, na kwa kila wiki aliyofanya kazi ikabandikwa stempu ya fenigi 14 hadi 30 kulingana na daraja la mshahara wake, nusu ikitoka mfukoni mwake na nusu kwa mwajiri, na serikali nayo ikaongeza marki 50 kwa mwaka juu ya kila pensheni. Umri wa kulipwa ulikuwa miaka 70, nao haukushushwa hadi 65 mpaka mwaka 1916. Bismarck hakusukumwa na huruma peke yake. Alitaka wafanyakazi wa viwandani waione dola kuwa ndiyo tegemeo lao, wasiwafuate Wasoshalisti ambao vyama vyao alikuwa amevipiga marufuku tangu 1878.

Huku kwetu, mwanzoni mwa karne ya 20, watawala haohao walianzisha kadi nyingine katika milima ya Usambara. Mwanamume alitakiwa aonyeshe kwa kadi hiyo kwamba katika kila miezi minne amefanya kazi siku 30 kwenye shamba la mlowezi, na asiyetimiza alipelekwa kwa nguvu kwenye kazi za serikali. Kadi ya Berlin ilizihifadhi wiki za mtu zikamngojea uzeeni. Kadi ya Usambara ilihesabu siku zake hadi zitimie 30, kisha haikumdai mwajiri chochote zaidi ya ujira. Chini ya Waingereza kipande, yaani kadi ya kazi, cha manamba katika mashamba ya mkonge kilifuata mantiki hiyohiyo, kwamba siku zikijaa unalipwa, na ukizeeka unarudi kwenu. Serikali ya kikoloni iliamini, au ilijifanya kuamini, kwamba Mwafrika ana ukoo utakaomlea, na imani hiyo iliwapunguzia gharama wenye mashamba kwa miongo mingi. Waingereza walikuwa wakijua vizuri maana ya pensheni: kwao, kwa sheria ya 1908, mzee maskini aliyetimiza miaka 70 alianza kupokea hadi shilingi 5 kwa wiki kuanzia Januari 1909 bila kuwa amechangia senti.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza koloni la Wajerumani liligawanywa. Tanganyika ilikwenda kwa Waingereza, na Rwanda na Burundi kwa Wabelgiji. Kwa mtu anayelinganisha nchi na nchi hii ni bahati ya nadra, maana nchi zilizokuwa chini ya dola moja ziliwekwa kwenye reli mbili, na reli, kama watu wa Tanga wanavyojua, ikishatandikwa ndiyo inayoamua miji ikue wapi. Wabelgiji, ambao kwao bima ya kijamii ilikuwa imezoeleka, walianzisha mwaka 1956 pensheni ya kila mwezi kwa wafanyakazi wa Kongo, Rwanda na Burundi. Waingereza walipendelea mfuko wa akiba, kama walivyofanya Malaya mwaka 1951 na Singapore mwaka 1955: mfanyakazi na mwajiri wanachangia, fedha zinawekwa kwa jina la mtu, na siku ya kuondoka anakabidhiwa zote pamoja na riba, wakawa wameagana. Tanganyika huru iliunda Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, yaani NPF, mwaka 1964, Kenya ikaunda wake mwaka 1965, na Uganda mwaka 1967. Serikali za uhuru zilibadilisha mambo mengi, lakini hili zililipokea kama lilivyokuwa. Watumishi wa kudumu wa serikali waliendelea na pensheni yao iliyolipwa na hazina, huku mkata mkonge, karani wa kampuni na kuli wa bandarini wakiwekewa akiba.

Tofauti ya mifumo hii miwili haionekani siku ya kwanza. Huonekana bei zinapopanda. Akiba iliyowekwa miaka ya 1970 na kuchukuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya shilingi kushushwa thamani mara kadhaa, ilikuwa namba kamili iliyopoteza nguvu zake. Wazee wa Muheza na Korogwe mliopokea hundi zile mnalijua jambo hili kuliko mimi. Wajerumani walikumbwa na tatizo la aina hiyo baada ya vita viwili, wakalitatua mwaka 1957 kwa kuzifunga pensheni na mishahara, hivi kwamba mishahara ya vijana inapopanda, pensheni za wazee hupanda nayo. Mfumo wa akiba hauna pa kufungia kamba hiyo, kwa sababu baada ya kukabidhi fedha mfuko haumjui tena mwanachama wake.

Nchi zilizorithi akiba zilitoka humo kila moja kwa wakati wake. Ghana ilibadilisha mwaka 1991. Sisi tulipitisha sheria mwaka 1997 iliyoigeuza NPF kuwa NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yenye pensheni ya mwezi. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2013, ikakwama mahakamani takriban miaka kumi, na viwango vipya vya michango vikaanza kukatwa mwaka 2023. Uganda hadi leo inalipa akiba kwa mkupuo, na marekebisho yake ya 2022 yameelekea upande mwingine kabisa, yakimruhusu mwanachama mwenye miaka 45 aliyechangia miaka 10 achukue sehemu ya akiba yake kabla ya kustaafu. Nini kinaeleza tofauti hiyo, ikiwa majirani hawa walianza karibu mahali pamoja? Mimi nasema ni hali ya waliokuwa ndani. Kwetu, akiba ilikuwa imeliwa na mfumuko wa bei, kwa hiyo mwaka 1997 waliokuwa na cha kutetea walikuwa wachache. Uganda, akiba ina thamani na mwanachama anaiona kuwa mali yake. Ukimwambia umbadilishie iwe ahadi ya kila mwezi atakuuliza ahadi hiyo inalindwa na nani, na swali lake ni la haki.

Hapa nawaomba tukae kidogo na kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, maana najua ndicho kilichowaleta wengi wenu. Hadi mwaka 2018 tulikuwa na mifuko kadhaa iliyokokotoa kwa njia mbili. Mwanachama wa PSPF au LAPF, mifuko ya watumishi wa umma na wa serikali za mitaa, alihesabiwa 1/540 ya mshahara wake wa mwaka kwa kila mwezi wa utumishi, akachukua nusu ya pensheni yake kwa mkupuo, na nusu hiyo ikazidishwa kwa 15.5. Mwanachama wa NSSF au PPF alikokotolewa kwa 1/580, akachukua robo kwa mkupuo, ikazidishwa kwa 12.5. Chukueni mwalimu aliyetumikia miezi 360, na kwa urahisi wa hesabu tuseme mshahara wa kukokotolea ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi kwa njia zote. Kwa njia ya PSPF, pensheni yake kamili ya mwaka ni shilingi 8,000,000. Mkupuo unakuwa 62,000,000, na kila mwezi anapokea kama 333,000. Mwaka 2018 PSPF, PPF, LAPF na GEPF ziliunganishwa kuwa PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma, na kanuni zilizofuata zikampa kila mtu robo. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Desemba ya mwaka huohuo Rais Magufuli aliagiza utaratibu wa zamani uendelee hadi 2023. Kisha Julai 2022 ikaja kanuni moja kwa wote: 1/580, asilimia 33 kwa mkupuo, mara 12.5. Kwa kanuni hiyo ya 2022 mwalimu wetu alipata mkupuo wa takriban 30,724,000 na pensheni ya mwezi ya takriban 415,900.

Tazameni kilichotokea. Mkupuo ulipungua kwa zaidi ya milioni 31, na pensheni ya mwezi iliongezeka kwa shilingi 82,500 hivi. Ili nyongeza hiyo izibe pengo, mwalimu aliyestaafu akiwa na miaka 60 angehitaji kuishi hadi apite miaka 91. Lakini mwanachama wa zamani wa NSSF, kwa kanuni hiyohiyo na siku hiyohiyo, aliona mkupuo wake ukipanda kutoka robo hadi theluthi. Mageuzi mamoja yalimnyang'anya huyu na kumwongezea yule, na sababu haimo katika kanuni mpya. Imo katika milango miwili ya zamani. Mwaka 2024 serikali iliporudi kwenye jambo hili haikutoa kiwango kimoja. Waliotoka kwenye asilimia 50 walipandishwa kutoka 33 hadi 40, na waliotoka kwenye asilimia 25 wakapandishwa hadi 35. Mtaalamu wa hesabu anayekuja kutoka nje atasema kwamba viwango viwili ni vurugu. Mimi naona ni kumbukumbu ya madai, na sidhani ingewezekana kuifuta kwa kanuni ya kurasa chache. Wakati huohuo nasema bila kuficha kwamba njia ya zamani ya PSPF ilikuwa mzigo kwa mfuko: kumlipa mtu leo thamani ya miaka 15 na nusu ya nusu ya pensheni yake, kisha kuendelea kumlipa nusu nyingine hadi mwisho wa maisha yake, kunahitaji michango iliyofika yote na kwa wakati. Wenye uzoefu wa kusubiri mafao miezi mingi kwa sababu mwajiri alikata mchango kwenye mshahara bila kuupeleka mfukoni wanajua kwamba ugonjwa hauko kwenye sehemu ya 540 au 580 pekee.

Mara nyingi huambiwa tuangalie Chile, kwa hiyo niseme machache juu yake. Mwaka 1981, chini ya utawala wa kijeshi wa Augusto Pinochet, Chile iliacha mfumo wa bima ya pamoja na kumwekea kila mfanyakazi akaunti yake, asilimia 10 ya mshahara ikipelekwa kwenye kampuni binafsi na mwajiri akiondolewa kwenye uchangiaji. Dunia ilisifu, Benki ya Dunia ikasambaza wazo hilo miaka ya 1990, na nchi nyingi za Amerika ya Kusini na Ulaya Mashariki zikaiga. Sifa hizo hazikutaja sana kwamba wanajeshi wenyewe walibaki kwenye mfumo wao wa zamani. Mwaka 2008 serikali ya Michelle Bachelet ililazimika kuongeza pensheni ya hazina kwa maskini, maana wengi walikuwa wamechangia kwa vipindi vilivyokatika na akaunti zao hazikuwatosha. Mwaka 2020 na 2021 bunge liliruhusu watu kutoa fedha mara tatu. Na mwaka 2025 sheria mpya ilianza kumrudisha mwajiri kwenye uchangiaji. Nigeria iliiga Chile kwa sheria ya 2004. Ilipofika 2011 wanajeshi wake waliondolewa kwenye mfumo huo, na polisi nao wamekuwa wakidai waondolewe. Nikiona mfumo ambao wenye silaha wanaukwepa katika mabara mawili, mimi humsikiliza zaidi yule asiye na silaha.

Uswidi nayo ilibadilisha mfumo wake, ila vyama vitano vilikubaliana misingi mwaka 1994 kabla ya sheria za 1998. Mchango ni asilimia 18.5 ya kipato, 16 zikiandikwa kwenye akaunti ya hesabu tu na 2.5 zikiwekezwa. Uchumi ukiyumba, pensheni hupunguzwa na kanuni yenyewe, kama ilivyotokea mwaka 2010. Serikali ikawapunguzia wastaafu kodi ili kufidia. Ni mfumo wa nchi ambayo karibu kila mtu mzima ana kumbukumbu za kipato chake. Hilo sharti ndilo linalonifanya nisiseme zaidi.

Nalisema hivyo kwa sababu mazungumzo yote ya asilimia na kanuni yanamhusu aliye ndani. Mama anayeuza samaki wa kukaanga Deep Sea, fundi wa jahazi, mvuvi, mkulima wa machungwa wa Muheza, dereva wa bodaboda: hawa hawana mwajiri wa kuchangia nusu yao. Mifuko imewafungulia uchangiaji wa hiari, na ni jambo jema, lakini kipato kinachopanda wakati wa msimu na kukauka wakati wa kusi hakiendani na mchango wa kila mwezi. Nchi zilizomfikia mzee wa aina hii zilipitia mlango mwingine.

Mauritius inafaa tuitazame kwa sababu uchumi wake ulikuwa wa mashamba ya miwa kama wetu ulivyokuwa wa mkonge, na chini ya Waingereza haohao. Mwaka 1950 ilianza kumlipa mzee maskini bila mchango. Kuchuja nani ni maskini kukawa kero na chanzo cha manung'uniko, na mwaka 1958, ikiwa bado koloni, ikaacha kuchuja na kumlipa kila mzee. Mwaka 2004 serikali ilijaribu kurudisha uchujaji. Mwaka uliofuata ikaja serikali nyingine na kuufuta. Mnaona jinsi haki ikishazoeleka inavyopata walinzi. Afrika Kusini ilianza vibaya zaidi: sheria ya 1928 iliwalipa Weupe na Machotara tu, Waafrika wakaingizwa mwaka 1944 kwa kiwango cha chini mno, na viwango havikulinganishwa hadi 1993. Lakini kwa kuwa ofisi, daftari na malipo vilikuwepo, dai la kuwalinganisha wote lilikuwa na mahali pa kuelekezwa. Lesotho, nchi ndogo isiyo na utajiri, ilianza mwaka 2004 kuwalipa wote waliotimiza miaka 70. Kenya iliwafuata wenye miaka 70 mwaka 2018, kwa shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi.

Na hatuhitaji kwenda Maseru, kule Lesotho. Ng'ambo ya mkondo huu wa bahari, Pemba na Unguja, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza Aprili 2016 kuwalipa Pensheni Jamii wazee wote wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka hazina yake yenyewe, na baadaye ikaongezwa hadi 50,000. Mzee wa Mkoani anayepanda chombo kuja kumtembelea nduguye hapa Tanga anaacha haki upande mmoja wa maji, na nduguye wa umri uleule, mwenye maisha yaleyale, hana haki hiyo upande huu. Bara tumechagua njia ya kuchuja kaya maskini kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF. Siidharau, imewasaidia wengi. Ila ni njia ambayo Mauritius iliijaribu na kuiacha, na ugumu wake ni uleule: kikao cha mtaa kinapaswa kuamua mzee yupi ni maskini kuliko mwenzake, na mpaka kati yao mara nyingi hauzidi mbuzi wawili.

Gharama ya pensheni kwa wote ni jambo halisi, na wanaolitaka hawana budi kulikabili. Lakini gharama hupangwa kwa umri na kiwango: Zanzibar na Lesotho zilianza na miaka 70 na fedha kidogo, na anayeanza na 75 anaweza kushuka mwaka hadi mwaka kadiri hazina inavyoruhusu. Kinachonisumbua mimi zaidi ni jambo ambalo halipo kwenye bajeti. Mzee aliyezaliwa katika kambi ya mkonge kabla ya uhuru mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa, na mwaka uliomo kwenye kitambulisho chake cha taifa ulikadiriwa dirishani siku ya kujiandikisha, pengine kwa kuulizwa kama anaikumbuka njaa fulani au kama alikuwa ameoa wakati wa uhuru. Kwa sasa kosa la miaka mitatu halimgharimu kitu. Siku pensheni ya umri itakapoanza litamgharimu miaka mitatu ya malipo. Viongozi wa vyama mliopo hapa mna wanachama katika kila kata kutoka Pongwe hadi Tongoni; kazi ya kuwapeleka wazee wakarekebishiwe tarehe zao, wakiwa na mashahidi wa rika lao ambao bado wako hai, inaweza kuanza bila kusubiri sheria, na Mheshimiwa Mwenyekiti, ningependa maswali yaanzie hapo.